Sahihi Niliyotia Ndani ya Arobaini

Mume wangu amegombea uchaguzi mara sita, na mara zote sita mimi nilikuwa ndani. Sisemi hivi kujisifu wala kulalamika. Kuna watu walioumbiwa baraza na kuna walioumbiwa ndani, nami ni wa ndani kabisa, wa kule nyuma karibu na stoo. Sanduku letu la barua lilikuwa hatua sitini kutoka mlangoni na mimi nililihesabu kuwa safari. Majirani Wamarekani walidhani ni dini inayonizuia kutoka. Niliwaacha waamini hivyo. Dini ni sababu yenye heshima kuliko uvivu.

Yeye ni wakili. Alisoma sheria Houston huku akiosha magari ya kukodisha, kisha akahamia Dallas akafungua ofisi ya chumba kimoja katika mtaa wa Vickery Meadow, juu ya duka la kadi za simu. Wateja wake walikuwa wapangaji: Wasomali, Wakongo, Wabosnia, watu waliokimbia vita wakaja kupigana na dari zinazovuja. Alikuwa akienda kulalamika kwa wakubwa wa mji akaambiwa aende dirisha jingine, na dirisha jingine likamwambia arudi lile la kwanza. Siku moja alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema ameona njia ya mkato: ni mtu kwenda kukaa upande wa pili wa ile meza. Hivyo ndivyo siasa ilivyoingia nyumbani kwetu, ikiwa na soksi mbichi.

Sisi tuliishi mji mdogo nje ya Dallas, unaopakana na Euless, chini ya njia ya ndege. Ndege zilipita juu ya jiko langu kwa chini sana hata nilijifunza kukatiza maneno katikati na kuyamalizia zikishapita. Huko ndiko alikogombea udiwani mara ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilimuuliza ni nani atakayempa kura mtu wa Mombasa katika mji ambao watu hufunga bendera hata kwenye mashine ya kukatia nyasi. Akasema atabisha hodi mlango kwa mlango. Nikamwambia vizuri, yeye abishe ya watu, mimi nitalinda wa kwetu.

Mwaka huo nilikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwao, na kwao kwangu kulikuwa mbali mno. Aliyekuwa karibu ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyekaa kusini magharibi mwa Houston miaka mingi akiwauguza wazee wa Kimarekani majumbani mwao. Alikuwa raia wa siku nyingi na alijua kila kitu kuhusu nchi ile, au ndivyo nilivyodhani. Saa nne na nusu za barabara kuu. Nililia kama ninayepelekwa kuolewa upya.

Basi nikajifungua binti, na arobaini ikaanza. Asiyeijua arobaini ya Kipwani nitamwambia kwa kifupi: ni siku arobaini ambazo mwanamke aliyejifungua, tunamwita mzazi, anarudishwa kuwa mtoto. Nilikandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Nilifungwa mkaja tumboni mpaka nikashindwa kuinama. Nilinyweshwa uji wa pilipili manga mpaka nikatoka jasho la utosini. Mzazi hapiki, hapokei simu, haambiwi habari mbaya, hafikirishwi. Kwa mtu wa maumbile yangu zile zilikuwa siku bora za maisha. Nilikuwa nimepata cheti halali cha kutotoka nje.

Karatasi zote zilipitia kwa shangazi. Za hospitali, za chanjo, za cheti cha kuzaliwa, yeye ndiye aliyezisoma, akazijaza kwa mwandiko wake wa duara, akaniletea kitandani juu ya sinia pamoja na uji. Kazi yangu ilikuwa kutia sahihi alipoweka kidole. Nami nikitia. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mama aliwaonyesha wageni, Kiingereza nakisoma, lakini nani atamwambia shangazi yake, aliyemkanda tangu alfajiri, “Hebu ngoja kwanza niisome”? Kusoma karatasi aliyokwisha isoma mkubwa wako ni kumwambia humwamini. Siku moja zilikuwa nne juu ya sinia. Nikatia sahihi nne, nikanywa uji, nikalala.

Mume wangu alishinda udiwani wiki chache baadaye. Nilirudi nyumbani nikiwa mke wa mheshimiwa.

Udiwani, nitoe siri, si kitu cha kumfanya mtu avimbe kichwa. Nilidhani nimeolewa na mtu wa haki, kumbe nimeolewa na mtu wa mitaro. Watu walipiga simu wakati wa chakula kuhusu mbwa wa jirani, taka zisizochukuliwa, taa ya barabarani inayomwangaza bibi mmoja usoni akiwa kitandani. Yeye alisikiliza kila mmoja mpaka wali ukapoa. Nilimwita Mheshimiwa nikiwa nimeudhika na Wakili nikiwa sijaudhika, naye kwa jina nililotumia alijua kama ndani kuna chai. Alichaguliwa tena. Kisha, binti yetu akikaribia miaka mitatu, wakubwa wa chama wakamjia wakamwambia kiti cha eneo letu katika bunge la jimbo kiko wazi. Austin. Huko ndiko zinakotungwa sheria za wapangaji. Alikuwa amezisubiri sheria zile tangu siku ya soksi mbichi.

Kura ya mchujo ilikuwa Machi. Na mwezi mmoja kabla yake, Februari, mimi nilikuwa na tarehe yangu: kuitwa mbele ya afisa wa uhamiaji, Dallas, kwa mahojiano ya uraia. Mpaka hapo nilikuwa mkaaji tu, mwenye kadi ya kijani. Nilikuwa nimejaza fomu mwaka uliopita, mezani kwangu, kwa raha zangu, na palipouliza kama nimewahi kujiandikisha kupiga kura niliandika hapana bila hata kufikiri.

Januari shangazi alikuja kusaidia kampeni. Alishuka na begi mbili, moja ya nguo na moja ya vyakula, kana kwamba Dallas hakuna unga. Meneja wa kampeni, Mmarekani mrefu mpole aliyekula mahamri yangu kama adui zake, alikuwa mezani na mume wangu wakipanga mitaa ya kupitia. Shangazi akakaa, akafungua mkoba wake, akatoa bahasha.

“Mwanangu, nimekuletea amana yako. Imekaa kabatini kwangu miaka yote hii pamoja na hati zangu za kusafiria.”

Ndani mlikuwa na kikadi cha rangi ya manjano hafifu. Jina langu, anwani ya shangazi ya Houston. Nilikiona kizuri. Nilikipeleka kwa mume wangu kama mtu anayeonyesha picha ya zamani.

Alikisoma mbele. Akakigeuza, akakisoma nyuma. Akarudi mbele. Nimeishi na wakili muda wa kutosha kujua kwamba wakili akisoma kitu mara tatu, kuna mtu atalia.

“Hii umeipata wapi, shangazi?” alisema, taratibu sana.

Shangazi akaeleza kwa furaha. Wakati ule wa arobaini, baada ya swala ya Ijumaa, nje ya msikiti palikuwa na msichana mwenye meza na rundo la fomu za kujiandikisha kupiga kura. Anasema jamii yetu lazima ihesabiwe. Shangazi akamwambia mkwe wake anagombea huko Dallas, msichana akampa fomu za nyumba nzima. Akazijaza, ya mumewe, yake ya anwani mpya, na yangu, ile ya nne juu ya sinia. “Nikasema kila kura itamsaidia mkwe wangu.”

Hapo nitaje, ili msomaji asinione peke yangu mjinga, kwamba mume wangu alikuwa anagombea maili mia mbili na zaidi kaskazini. Kura ya Houston isingemsaidia hata kuchagua mlinzi wa shule. Hata kama tungekuwa wezi wa kura, tungekuwa wezi wa kuiba mlango na kuacha nyumba.

“Umewahi kupiga kura?” akaniuliza.

“Mimi? Wewe hunijui?”

“Nijibu.”

“Sijapiga. Sijui hata inapigwa wapi.”

Akaweka kadi mezani kwa ncha za vidole. Kisha akatueleza, kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kiingereza kwa ajili ya meneja. Kwenye ile fomu, juu ya mahali pa sahihi, kuna maneno ambayo mtu anaapa kuwa ni raia wa Marekani. Mimi si raia. Kwa hiyo mimi, kwa sahihi yangu mwenyewe, nilikuwa nimejidai raia. Sheria ya nchi ile haina mchezo na jambo hilo. Si kunyimwa uraia tu. Mtu hutolewa nchini, na kurudi huenda asirudi.

Nilimtazama binti yangu chini ya meza akiwapikia wanasesere wake. Yeye ni raia tangu kilio cha kwanza. Nikatazama jiko, sufuria zangu, pazia nililoshona. Mtu ambaye sanduku la barua ni safari kwake anaambiwa huenda akatolewa bara zima.

Shangazi alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu linalobaki usoni baada ya mwenyewe kuondoka. Aliposhika kichwa nilimwambia si kosa lake. Lilikuwa lake, na lilikuwa langu, na mume wangu alikuwa anatafuta mahali pa kulitia la kwake.

Meneja alifuta sukari vidoleni. Akasema kwa upole uleule kwamba yeye si mwanasheria. Akauliza ni nani anayejua kuhusu kadi hii zaidi ya sisi tulio hapa. Kaunti nyingine. Kura haijapigwa. Fomu ya uraia tayari inasema hapana. Hakusema zaidi. Hakuhitaji.

Nilimgeukia mume wangu nikisubiri awake. Huyu ndiye mtu aliyewaambia wapangaji wake miaka yote, mbele yangu, kwamba mbele ya karatasi ya serikali hakuna uongo mdogo. Hakuwaka. Alinyamaza. Nilimimina chai vikombe vinne, polepole, na alikuwa bado amenyamaza. Ndege ikapita, ikaisha.

“Tutaona,” akasema.

Asubuhi iliyofuata aliandika barua Houston kadi ifutwe, na akampigia mwanamke mmoja mzee wa hukohuko Houston aliyewahi kumfundisha, wakili wa mambo ya uhamiaji. Huyo alitupa njia mbili, na ile ya meneja, ya kushikilia hapana, alisema hataki hata kuisikia. Ya kwanza, niahirishe mahojiano, nikae na kadi yangu ya kijani kimya. Huenda jambo lisijulikane kamwe, huenda likajulikana kesho. Ya pili, niende, niulizwe, niseme kweli, na shangazi awe tayari kuapa. Afisa akiniamini, nimepona. Asiponiamini, nitakuwa nimempelekea ushahidi kwa miguu yangu mwenyewe, ile miguu isiyopenda kutembea.

Wiki zile nilipoteza hamu ya kukaa ndani, na hilo halikuwahi kunitokea. Kila gari likipunguza mwendo nje nilizima redio. Siku moja simu ikalia, nikapokea kwa bahati mbaya. Mwandishi wa gazeti, sauti changa, mchangamfu. Anaandika habari za wake na waume wa wagombea. Anataka swali moja tu, jepesi.

“Utampigia kura mume wako?”

Nikisema ndiyo nimejidai raia mara ya pili. Nikisema hapana, atauliza kwa nini.

“Mimi nilimpigia kura siku niliyokubali kuolewa naye,” nikasema. “Na tangu hapo hajatimiza ahadi hata moja.”

Alicheka mpaka akakohoa. Ikachapishwa, maneno yaleyale, chini ya picha ya mume wangu akishikana mikono na mzimamoto. Meneja alifurahi, akasema nina kipaji nami sijui. Wateja wa Vickery Meadow waliikata wakaibandika mlangoni mwa ofisi. Mume wangu aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, na sikumwona akicheka.

Siku mbili kabla ya mahojiano aliniita sebuleni. Shangazi alikuwa anasali chumbani. Akaniambia anadhani ningeahirisha. Wiki sita tu. Machi ipite, kichwa kitulie, tutafikiri vizuri.

“Anayesema ni Mheshimiwa au ni Wakili?” nikamuuliza.

“Ni mume wako.”

“Huyo sijamwona tangu Desemba.”

Alikaa chini. Akasema anaogopa. Akasema akifumba macho anaona mimi niko uwanja wa ndege na mtoto yuko mkononi mwake. Nilimwamini. Na nilijua pia kwamba akifumba macho anaona Machi. Yote mawili yalikuwa kweli, yalikuwa yamelala kitanda kimoja, na yeye mwenyewe hakujua lipi limevuta shuka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko afisa.

Nikamwambia sitaahirisha. Sikuwa na hoja ya kisheria. Nilimwambia tu kwamba nyumba hii ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri duniani, na siku hizi naishi ndani yake kama mgeni anayesikiliza kama wenyeji wameamka. Siwezi. Bora niambiwe nitoke kuliko kukaa nikijificha.

Tulikwenda watatu, mimi nikiwa nimevaa buibui langu jipya na viatu vilivyonibana. Binti tulimwacha kwa jirani. Njiani shangazi alitaka kujua kama afisa anaweza kumfunga yeye badala yangu. Mume wangu akamwambia haiendi hivyo. Shangazi akasema basi sheria yenyewe haina adabu.

Yule wakili mzee alikuwa amepanda ndege ya asubuhi kutoka Houston. Aliketi kando yangu, akaruhusiwa kusikiliza tu. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ya kamba. Aliniapisha. Akaniuliza maswali ya historia, nikajibu. Akanipa sentensi ya Kiingereza nisome kwa sauti, nikaisoma vizuri, kwa lafudhi ya mwalimu wangu wa kidato cha pili. Akatabasamu, akaweka alama. Kisha akaanza orodha. Nimewahi kuwa mlevi wa kupindukia? Hapana. Nimewahi kuwa na waume wawili kwa pamoja? Nikasema mmoja ananitosha na anabaki. Akatabasamu tena.

“Umewahi kujiandikisha kupiga kura katika uchaguzi wowote wa Marekani?”

“Ndiyo.”

Kalamu ikasimama. Akatazama fomu, akanitazama.

“Hapa umeandika hapana.”

Nikaeleza. Yaani nikamweleza mwanamke yule arobaini nzima. Mkaja, maji ya moto, uji wa pilipili manga, sinia, karatasi nne. Nilijisikia ninavyosema na nilijisikia kama mtu anayetunga. Aliandika kila kitu. Akaniuliza kama nilipiga kura, nikasema hapana. Kisha akainua ile karatasi niliyoisoma muda mfupi uliopita.

“Umenisomea sasa hivi, na umesoma vizuri. Unajua Kiingereza. Kwa nini hukuisoma ile?”

Mume wangu, ambaye kazi yake yote ni maswali, alikuwa nje kwenye kiti cha plastiki. Wakili wangu alikuwa amekaza macho kwenye meza. Nilitafuta neno la Kiingereza la heshima na nililolipata halikutosha.

“Wewe una shangazi?” nikamuuliza.

Aliinua macho kutoka kwenye fomu.

“Aliyenikanda tumbo hakuniletea karatasi nizisome,” nikasema. “Aliniletea nitie sahihi. Ningeisoma, ningekuwa nimemwita mwongo ndani ya nyumba yake. Sikujua kwamba kwa kutoisoma najiita mwongo mimi.”

Aliandika. Akamwita shangazi. Shangazi aliingia, akaapa, akaeleza msikiti, msichana, meza, kisha bila kuulizwa akamwonyesha afisa kwa mikono jinsi mkaja unavyofungwa. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho. Akafunga faili, akasema uamuzi hautatolewa leo. Utakuja kwa posta.

Ndani ya gari nilivua viatu. Mume wangu hakuwasha injini. Aliuliza nimesema nini, nikamwambia. Akaweka mikono juu ya usukani.

“Nilinyamaza siku ile,” akasema. “Mbele ya meneja.”

“Niliona. Nilimimina chai vikombe vinne.”

“Nisamehe.”

“Nitakusamehe ikija barua. Na wewe wakikuuliza habari zangu huko majukwaani, usiniokoe kwa uongo. Nimekwisha lipia ile kweli, usiniharibie.”

Wakamuuliza. Ilikuwa mwisho wa Februari, mjadala wa wagombea katika ukumbi wa wastaafu. Mimi nilikuwa nyumbani, bila shaka, lakini shangazi alikwenda na simu ya mkononi ya mumewe, akaniahidi kuinyanyua juu ili nisikie. Nilikuwa nakaanga. Nikazima jiko, nikabana simu sikioni. Nikamsikia mzee mmoja akiuliza, kwa mzaha, akiwa na gazeti lile: mke wako alisema hujatimiza ahadi hata moja, je, Machi atakupa kura?

Ukumbi ukacheka. Alikuwa na njia ya kutoka pana kama lango la shule. Angecheka nao, ingepita.

“Hapana, bwana,” nikamsikia akisema. “Mke wangu hawezi kunipa kura. Bado si raia. Na kuna jambo lazima niwaambie kabla hamjalisikia kwa mtu mwingine—”

Ndege ikapita. Nililaani marubani wote wa Texas. Nilisikia mngurumo tu, kijiko kikitetema juu ya meza. Ilipoisha, upande wa pili palikuwa kimya, ukumbi mzima, ila mtu mmoja akikohoa. Nikasema, “Shangazi?” Shangazi akasema, kwa sauti ya chini, “Amewaambia yote. Hata mimi amenitaja, lakini kwa heshima.”

Mume wangu alishindwa Machi. Hakushindwa kwa hilo tu, meneja alitufariji, kulikuwa na mambo mengi. Katika mengi hayo, hilo lilikuwa moja, na lilikuwa kubwa. Wapo waliomwita mtu mkweli na wapo waliosema mkewe mwizi wa kura, na wengine walisema yote mawili kisha wakabaki nyumbani siku ya kura, jambo ambalo mimi siwezi kumlaumu mtu kwalo. Alirudi kwenye mitaro yake na mbwa zake. Miezi mitatu hakuna barua. Sanduku la posta, ile safari yangu ya hatua sitini, nililiendea kila siku mpaka tarishi akadhani nimepona ugonjwa.

Ilikuja Juni. Nilisoma pale pale barabarani, bila viatu, jua la Texas likinichoma nyayo. Maombi yamekubaliwa. Nifike siku fulani kwa ajili ya kiapo.

Nilimkuta sebuleni na simu sikioni, mtu akimlalamikia taka. Nikamwekea barua mbele ya macho. Akaisoma mara tatu, mpaka nikaogopa. Kisha akamwambia yule wa taka amngoje kidogo.

“Umenisamehe?”

“Nafikiria,” nikasema. “Rudi kwa taka zako, Wakili.”

Siku ya kiapo tulikuwa wengi ukumbini, watu wa kila rangi na kila vazi, mikono juu. Shangazi alikuja kutoka Houston na alilia kwa sauti hata Mvietinamu aliyekuwa jirani yangu akampa kitambaa. Tulipotoka, palikuwa na meza mlangoni, msichana nyuma yake, na rundo la fomu. Anatupongeza, anasema jamii zetu lazima zihesabiwe. Nilihisi mkono wa shangazi ukinitoka kwapani. Ulikuwa unaelekea kwenye fomu, kalamu tayari.

“Shangazi,” nikasema. “Shikamoo. Lakini hii nipe mimi.”

Nikasimama pale mbele ya meza nikaisoma. Mbele, halafu nyuma. Kila neno, hata yale madogo ya chini ambayo hayakusudiwi kusomwa na binadamu. Msururu ukarefuka nyuma yangu. Mtu akaguna. Binti yangu akanivuta buibui akaniuliza kwa Kiingereza kama bado. Mume wangu alikuja akasimama kando, mikono mfukoni, akaniambia kwa kunong'ona kwamba kwa mwendo huu uchaguzi ujao utapita nikiwa bado kwenye aya ya pili.

Nikamwambia asinisumbue, nasoma. Shangazi naye akaegemeza kidevu begani kwangu, akasoma pamoja nami, midomo ikicheza, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akaweka kidole mahali pa sahihi.